Kitufe cha "Nakubali" Hakimsaidii Mgonjwa wa Saratani

Wasomaji, leo naacha kidogo habari za seva na lugha za programu. Siendi mbali sana lakini, kwa sababu ninalotaka kusema ni jambo ambalo sisi waundaji programu tunalifahamu kuliko watu wengi.

Tunajua kwamba hakuna anayesoma masharti ya matumizi. Tunaweka kurasa 20 za maandishi madogo, chini yake kitufe cha "Nakubali", na mtumiaji anabonyeza kabla hata ya kuuteremsha ukurasa. Kisheria amekubali. Ukweli ni kwamba hajaamua chochote. Kitufe kile kinamlinda mwenye programu, basi.

Hospitalini nako kuna kitufe kama hicho. Kinaitwa fomu ya idhini. Mgonjwa anaambiwa "weka sahihi hapa, na hapa," naye anaweka. Ukimwuliza jioni amekubali nini, atakwambia "daktari amesema nifanyiwe upasuaji." Ukimwuliza kama kulikuwa na njia nyingine, atakutazama tu.

Kwenye programu ya picha hilo halina madhara makubwa. Ukikosea unabonyeza "Tendua" na mambo yanarudi yalivyokuwa. Kwenye saratani hakuna Tendua. Titi likishatolewa limetolewa. Shamba likishauzwa kulipia dawa limeuzwa.

Hoja yangu leo ni hii: kutia saini si kuamua. Na kumsaidia mgonjwa aamue kweli ni kazi inayowezekana, ni kazi ya bei nafuu, na sehemu kubwa yake ni kazi yetu sisi tunaopanga maneno na takwimu mbele ya watu.

SHERIA TAYARI TUNAYO

Saratani si jambo la watu wachache. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000 katika mwaka mmoja. Ni vigumu kupata Mkenya ambaye hajachanga harambee ya saratani.

Sasa, wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema wazi mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Ana haki pia ya kukataa. Na sheria hiyo inataka aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma.

Soma tena hapo: KILA njia. Gharama. Lugha anayoielewa.

Shangazi yangu alipewa fomu ya kurasa tatu kwa Kiingereza, katika hospitali ambayo sitaitaja. Shangazi aliishia darasa la saba na Kiingereza chake ni cha sokoni. Aliweka sahihi kwa sababu foleni nyuma yake ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa ameshika kalamu. Sijasema matibabu yale yalikuwa mabaya. Ninachosema ni kwamba hakuna siku shangazi aliambiwa kuna njia mbili.

LAKINI DAKTARI SI NDIYE ANAYEJUA?

Hapa ndipo wengi husema, "Wewe mtu wa tarakilishi unajua nini? Daktari amesomea miaka mingi, mgonjwa ataamua nini?"

Swali zuri. Hebu tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza, saratani ya titi. Kwa miaka mingi wanawake waliondolewa titi zima, kwa imani kwamba ukikata zaidi unaokoa zaidi. Daktari Bernard Fisher wa Marekani na wenzake wakafanya jaribio lililohusisha wanawake 1,851 wenye uvimbe wa hatua za mapema. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002. Waliotolewa titi zima na waliotolewa uvimbe tu waliishi sawa. Umberto Veronesi wa Milan alichapisha matokeo kama hayo mwaka huohuo.

Kuna tofauti moja lakini. Kwa waliotolewa uvimbe tu bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa wanawake 39 hivi katika kila 100. Waliopata mionzi walikuwa 14 hivi katika kila 100. (Kwa dawa za leo namba hizi ni ndogo zaidi, ila funzo ni lilelile.) Maana yake ukitaka kubaki na titi lako, mara nyingi ni lazima ukubali mionzi.

Na mionzi hapa Kenya ni safari. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi. Baadaye vikaongezwa vituo vingine, vikiwemo vya Mombasa, Nakuru na Garissa. Hata hivyo mama wa Lodwar au Marsabit bado yuko mbali. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Atalala wapi? Watoto atamwachia nani? Biashara yake ya mboga itasimamiwa na nani?

Mama mmoja atasema, "Nitoeni titi, nirudi kwa watoto wangu." (Hata yeye lazima aulize kwanza, maana kuna wagonjwa ambao huhitaji mionzi hata baada ya titi kutolewa.) Mwingine atasema, "Nitakaa kwa dada yangu Nairobi hata mwezi mzima, titi langu libaki." Wote wawili wako sawa! Daktari anaujua uvimbe. Hamjui dada wa Nairobi, hajui biashara ya mboga, wala hajui mwili huo una maana gani kwa mwenyewe. Hiyo data iko kwa mgonjwa peke yake.

Tena kuna swali ambalo mgonjwa aliyearifiwa anaweza kuuliza. Mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio liitwalo FAST-Forward: kwa wagonjwa waliofaa, dozi 5 za mionzi katika wiki moja zilizuia uvimbe kurudi vizuri kama dozi 15 katika wiki tatu, walipofuatiliwa kwa miaka mitano. Si kila mgonjwa anafaa, na si kila kituo hufanya hivyo. Lakini kwa mama wa Lodwar, kuuliza "je, ratiba fupi inanifaa mimi?" kunaweza kubadilisha hesabu yote.

Mfano wa pili, tezi dume. Uingereza ilifanya jaribio la ProtecT kwa wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi. Waligawanywa kwa kura: kufuatiliwa kwa vipimo, upasuaji, au mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitoka mwaka 2023. Waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika kila 100 kwa waliofuatiliwa, 2 kwa waliofanyiwa upasuaji, na 3 kwa waliopigwa mionzi. Karibu sawa. Lakini saratani ilisambaa kwa watu 9 hivi katika kila 100 waliofuatiliwa, na 5 hivi katika makundi yale mengine. Na wengi wa waliofuatiliwa waliishia kutibiwa baadaye. Kwa upande mwingine, upasuaji uliwaletea wengi zaidi kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume, na mionzi ikawasumbua baadhi yao haja kubwa.

Hapo daktari atakuchagulia nini? Mzee mmoja anaogopa saratani kuliko kitu chochote. Mwingine ni imamu au mzee wa kanisa, na kuvuja mkojo mbele za watu kwake ni jambo zito mno. (Tahadhari: wengi wa wanaume wale walikuwa Waingereza weupe, na ugonjwa wao uligunduliwa mapema. Hapa kwetu wengi hufika umechelewa, na namba hizo haziwahusu.)

Mfano wa tatu ndio mgumu. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Wamarekani 1,193 waliokuwa wakipata dawa za kemo kwa saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Kwa hatua ile kemo inaweza kurefusha maisha na kupunguza maumivu, lakini ni nadra sana kuponya. Wagonjwa 69 katika kila 100 wa mapafu, na 81 katika kila 100 wa utumbo, hawakuwa wameelewa hivyo.

Hao ni Wamarekani, nchi yenye hospitali za kila aina. Kwa hiyo tusiseme ni ujinga wa watu wetu. Ni kwamba neno "itasaidia" lina maana tatu: itaponya, itakuongezea miezi, au itakupunguzia maumivu. Familia inayouza shamba kwa "itasaidia" ya kwanza ingefikiri tofauti kama ingejua ni "itasaidia" ya pili. Pengine ingeuza tu. Lakini ingeuza ikijua.

DAWA YA TATIZO HILI IPO

Sibuni kitu hapa. Kuna kitu kinachoitwa zana ya uamuzi. Ni karatasi, video au ukurasa unaomwonyesha mgonjwa njia alizo nazo, unaweka faida na madhara ya kila moja bega kwa bega kwa namba, kisha unamwuliza yeye ni nini kilicho muhimu kwake. Haumwambii achague nini.

Watafiti wamezipima zana hizi kwa miaka mingi. Mapitio makubwa ya Cochrane yaliyosasishwa mwaka 2024 yalikusanya majaribio 209. Wagonjwa waliozitumia walielewa zaidi, walikuwa na picha sahihi zaidi ya hatari, na walichagua yale yaliyolingana na mambo wanayoyathamini. Kuna hata viwango vya kimataifa vya kuzitengeneza, viitwavyo IPDAS.

Kwa hiyo ujuzi upo. Kilichopungua ni zana hizo kwa Kiswahili chepesi, zenye njia zinazopatikana hapa, bei za hapa na umbali wa hapa.

TAFADHALI, USIKIMBILIE KUUNDA PROGRAMU YA SIMU

Najua baadhi yenu mmeshafungua kihariri cha msimbo. Ngojeni kwanza! Haya ndiyo ninayoyaona kuwa ya lazima:

1. Anza na karatasi. Ukurasa mmoja, pande mbili. Kama haieleweki kwenye karatasi, haitaeleweka kwenye skrini. Karatasi haiishiwi chaji, na mgonjwa anaweza kurudi nayo nyumbani akaisoma na mumewe.

2. Hesabu kwa watu 100. Usiseme "inapunguza hatari kwa asilimia 25." Kama hatari ilikuwa 4 katika kila 100 ikawa 3, hiyo ni asilimia 25, na pia ni mtu mmoja tu katika 100. Chora watu 100, utie rangi wale 3 na wale 4. Hata asiyesoma ataona.

3. Usiweke chaguo-msingi. Sisi tunajua nguvu ya kisanduku kilichokwisha wekewa alama. Njia iliyoandikwa juu kabisa kwa herufi nzito ndiyo itakayochaguliwa. Zipe njia zote nafasi sawa, na "kusubiri na kufuatilia" iwe mojawapo pale inapofaa kitabibu.

4. Nauli ni sehemu ya data. Safari ngapi, siku ngapi kazini zitapotea, bima italipa kiasi gani. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, ina kikomo kwa mwaka. Mgonjwa ajue mapema kikomo kitafikiwa lini, asije akaachia kemo njiani.

5. Andika tarehe na toleo. Matibabu ya saratani hubadilika. Zana isiyoonyesha ilisasishwa lini ni kama maktaba ya msimbo iliyotelekezwa: inafanya kazi, mpaka siku inapokudhuru.

6. Linda siri. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Na kumbuka simu nyingi nyumbani hutumiwa na watu watatu. Ujumbe mfupi unaosema "kesho ni kliniki yako ya saratani" unaweza kusomwa na mtoto kabla ya mama.

7. Usitafsiri tu cha wazungu. Uingereza wana zana nzuri iitwayo Predict, inayokadiria faida ya matibabu baada ya upasuaji wa titi. Imejengwa kwa data ya wagonjwa wa Uingereza. Kuivalisha Kiswahili hakuifanyi imjue mama wa Kitui. Chukua muundo, kisha kaa na madaktari wa hapa mtafute namba zinazofaa.

Na roboti za mazungumzo je? Siku hizi mtu yeyote anaweza kuuliza ChatGPT au Gemini kwa Kiswahili. Mimi siwezi kumkataza mtu. Zinafaa kukueleza neno gumu na kukusaidia kupanga maswali ya kumpelekea daktari. Lakini haziijui ripoti yako ya maabara, na zinaweza kutaja namba ya uongo kwa sauti ya uhakika kabisa. Usiamue matibabu kwa namba uliyopewa na roboti.

PINGAMIZI NINAZOZISIKIA

"Daktari hana muda." Kweli, foleni ni ndefu. Ndiyo maana karatasi isomwe kwenye foleni! Mgonjwa anayeingia akiwa ameisoma hahitaji kuanzishwa kutoka mwanzo. Anaingia na maswali mawili ya maana.

"Kwetu anaamua mzee, au familia." Sioni ubaya familia ikikaa pamoja, saratani ya mtu mmoja huwa ni gharama ya ukoo mzima. Ninachopinga ni kikao kinachofanyika bila mwenye mwili. Karatasi hiyohiyo iwekwe mezani kwenye kikao, na mgonjwa awe wa kwanza kusema.

"Wagonjwa wengine hawataki kujua." Ni haki yao. Mgonjwa akisema, "Daktari, wewe nichagulie," huo nao ni uamuzi. Lakini aulizwe kwanza. Kunyamaza kwake kusigeuzwe kuwa "Nakubali."

"Kiswahili hakina maneno." Hili sikubali hata kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati watu walisema haiwezekani. Kama tuliweza kupata maneno ya menyu za tarakilishi, tutashindwa kueleza "uvimbe unaweza kurudi"?

UNACHOWEZA KUFANYA KESHO

Zana zetu zikisubiriwa, kuna mambo yasiyohitaji programu yoyote. Kama wewe au mtu wako anatibiwa saratani, mwulizeni daktari maswali haya matatu, ambayo yalijaribiwa na watafiti wa Australia na sasa hutumiwa katika nchi kadhaa:

- Njia zangu ni zipi?
- Faida na madhara ya kila njia ni yapi?
- Yana uwezekano gani wa kunipata mimi?

Mimi naongeza la nne: lengo la dawa hii ni kuponya, kuongeza muda, au kupunguza maumivu?

Nendeni wawili, mmoja asikilize na mwingine aandike. Ombeni ruhusa ya kurekodi maelezo kwa simu, maana mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani hasikii vizuri sentensi inayofuata. Ombeni nakala ya ripoti ya maabara. Na mkihitaji kufikiri, mwulizeni, "Tunaweza kusubiri wiki moja bila kuharibu kitu?" Mara nyingi inawezekana, mara nyingine haiwezekani, na ni daktari atakayewaambia.

Sisi waundaji programu tulishafanya makubwa zaidi. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na leo unatumika nchi nyingi. Ule ulimsaidia daktari kumwona mgonjwa vizuri zaidi. Sasa tufanye kitu kitakachomsaidia mgonjwa aone anachotaka kufanyiwa.

Napendekeza tuanze na ukurasa mmoja tu: saratani ya titi ya hatua za mapema, kutoa titi au kutoa uvimbe na kupiga mionzi. Uwe huria, mtu yeyote aweze kuuchapisha. Anahitajika daktari wa saratani mmoja au wawili, muuguzi, mtu anayejua kuandika Kiswahili cha watu, na wanawake waliopitia njia hiyo ili watuambie tulipokosea. Msimbo, kama utahitajika, tutauandika mwisho.

Nani yuko tayari? Maoni yenu nayasubiri, hasa wauguzi na nyinyi mliowahi kukalia kile kiti.